Alama za Kumbukumbu za Vita vya 1888–1890 Bagamoyo na Bara Yake: Nani Hukumbukwa, Wapi na kwa Jina Gani

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna vita vya pwani ya Mrima vya mwaka 1888 hadi 1890 vinavyokumbukwa katika mji wa Bagamoyo na katika bara yake, kuanzia bonde la mto Ruvu hadi kata za ndani kama Fukayosi. Inaangalia makaburi, mnara wa kumbukumbu, majengo ya kijeshi na majina ya mahali, kisha inayaweka hayo kando ya utenzi uliotungwa na Mswahili wa zama zilezile. Hoja kuu ni kwamba alama za mawe zilizopo huonesha zaidi uwezo wa aliyezisimamisha kuliko uzito wa tukio lenyewe. Aliyejenga kwa mawe na kuandika orodha ya wafu wake ameacha alama, na aliyejenga kwa miti na kuwazika wafu wake pasipo maandishi hakuacha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa kuweka kikomo cha mwaka 1863 na kwa kuelekea zaidi kwenye majengo, imeikuza tofauti hiyo bila kukusudia. Makala inapendekeza njia ya kuyatambua na kuyahifadhi maeneo ya mapigano ya bara kabla ardhi haijabadilishwa matumizi.

Istilahi za msingi: alama ya kumbukumbu, uwanja wa mapambano, Mrima, utenzi, malikale.

1.0 Utangulizi

Mgeni anayefika Bagamoyo kwa ajili ya historia huoneshwa kwanza mambo mawili: biashara ya pembe za ndovu na watumwa, na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa David Livingstone ulipitishwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na Bagamoyo ndiyo mwisho wa njia hiyo upande wa bahari. Utambulisho huu una haki yake. Hata hivyo, umekifunika kipande kingine cha historia ya mji, yaani vita ambavyo wenyeji wa Mrima walipigana na Wajerumani kwa muda unaokaribia miaka miwili.

Vita hivyo havikuishia mjini. Kambi, njia za majeshi na mapambano kadhaa vilikuwa nyuma ya mji, katika nchi ya Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua. Fukayosi, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo mkoani Pwani, imo katika bara hiyo. Anayesafiri kutoka Bagamoyo kwenda Msata huvuka Ruvu na kupita Makurunge, Fukayosi na Kiwangwa, lakini alama za vita zinazofahamika zaidi amekwisha kuziacha nyuma yake, ufukweni. Swali la makala hii ni hili: kwa nini kumbukumbu ya vita hivyo imekusanyika pwani, na mgawanyo huo una athari gani kwa maeneo ya bara?

2.0 Dhana ya Alama ya Kumbukumbu ya Vita

Maurice Halbwachs, mwanasosholojia wa Kifaransa aliyeandika juu ya kumbukumbu ya jamii mwaka 1925, alieleza kwamba mtu hukumbuka akiwa ndani ya kundi, na kwamba kundi huegemeza kumbukumbu zake kwenye mahali. Mwanahistoria Pierre Nora aliiendeleza hoja hiyo katika mkusanyiko uliochapishwa kati ya mwaka 1984 na 1992, akionesha kwamba mahali pa kumbukumbu huundwa na watu wenye nia. Tukio peke yake haliundi mahali hapo. Kwa mkabala huu, alama ya vita ina tarehe mbili: tarehe ya vita na tarehe ya kusimamishwa kwa alama. Mchambuzi hana budi kuzisoma zote mbili.

Mfano unaotajwa mara nyingi duniani ni Gettysburg, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ambako majeshi ya Kaskazini na Kusini yalipambana tarehe 1 hadi 3 Julai 1863. Mwaka uliofuata iliundwa jumuiya ya kuhifadhi ardhi ya uwanja huo, na mwaka 1895 serikali ya Marekani iliufanya kuwa hifadhi ya kijeshi. Leo uwanja huo una minara na vibao zaidi ya 1,300. Mambo mawili ya Gettysburg yanahusu moja kwa moja mjadala huu. Kwanza, hifadhi ilianza na ardhi. Mawe mengi yalikuja baadaye, na askari wastaafu waliyaweka pale ambapo vikosi vyao vilisimama. Pili, idadi ya minara haikulingana na idadi ya waliokufa. Vikosi vya Kaskazini, vilivyoshinda na vilivyokuwa na fedha, vilijaza uwanja mapema, ilhali mnara wa kwanza wa jimbo la Kusini, ule wa Virginia, ulizinduliwa mwaka 1917. Hata mahali palipopewa hifadhi ya namna hiyo, jiwe lilitangulia kumfuata mwenye uwezo.

Huu ndio msingi wa uchambuzi unaofuata. Tofauti ni kwamba Bagamoyo pengo kati ya pande mbili lilikuwa kubwa zaidi, na ardhi haikuhifadhiwa kwanza.

3.0 Usuli: Vita vya Mwaka 1888 hadi 1890

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Agosti mwaka huo mawakala wa kampuni walianza kuchukua madaraka mijini. Huko Pangani wakala Emil von Zelewski aliingia kwa kiburi na nguvu, na upinzani ukaripuka. Ndani ya wiki chache ulienea pwani yote. Septemba 1888 manowari ya Kijerumani Leipzig iliipiga Bagamoyo kwa mizinga na kuteremsha askari wa majini.

Upinzani huo haukuwa na uso mmoja. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba wa Pangani, ndiye kiongozi anayetajwa zaidi. Bwana Heri bin Juma wa Saadani, mwenye nguvu katika nchi ya Wazigua, aliongoza mapambano yake mwenyewe. Majumbe, watu wa mijini, wapagazi na watu wa bara walishiriki kwa sababu zao mbalimbali, kama alivyofafanua Jonathon Glassman katika utafiti wake wa mwaka 1995. Hata hivyo, maandishi ya Kijerumani yaliviita vita hivyo uasi wa Waarabu. Jina hilo lilikuwa na kazi ya kisiasa: liliviunganisha vita na kampeni ya kupinga biashara ya watumwa, likawaondoa Waswahili na watu wa bara katika orodha ya wapiganaji.

Kampuni iliposhindwa, serikali ya Ujerumani ilimteua Hermann Wissmann kuwa kamishna wake mwanzoni mwa mwaka 1889. Jeshi lake lilikuwa na maofisa wa Kijerumani, lakini wapiganaji wake wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri na Washangani kutoka Msumbiji ya Wareno, pamoja na askari wa pwani. Tarehe 8 Mei 1889 jeshi hilo lilishambulia boma la Abushiri lililokuwa nje ya Bagamoyo; taarifa za Kijerumani zinawataja zaidi ya watu 100 wa upande wa Abushiri waliouawa. Saadani ilipigwa Juni, Pangani na Tanga zikatwaliwa Julai. Septemba Wissmann alielekea Mpwapwa kwa njia ya misafara. Akiwa huko, mnamo Oktoba 1889, Karl von Gravenreuth alipambana katika bara ya pwani na Wambunga, washirika wa Abushiri, mahali ambapo maandishi ya Kijerumani yanapaita Jombo. Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri aliendelea kupigana katika maboma ya Mlembule na Palamakaa hadi alipokubali masharti ya amani Aprili 1890.

4.0 Alama Zilizopo Bagamoyo

4.1 Makaburi ya Wajerumani

Karibu na ufuko, ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe, kuna makaburi ya Wajerumani yapatayo 20. Mengi ni ya miaka ya mwisho ya 1880 na miaka ya mwanzo ya 1890. Waliolala humo walikufa vitani au kwa maradhi, na maradhi yalikuwa adui mkubwa wa jeshi la Wissmann. Kaburi la namna hii humpa msomaji jina la marehemu na tarehe, na mara nyingi cheo chake. Maelezo hayo machache yanadokeza mfumo mzima: palikuwa na daftari la askari, mtu wa kuandika kifo, fundi wa kuchonga na bajeti ya kulipia kazi. Kwa hiyo kaburi lenye jina ni zao la ofisi kama lilivyo zao la huzuni.

Jambo lisilopasa kupitwa haraka ni kwamba makaburi hayo ni ya Wazungu. Wasudani, Washangani na askari wa pwani waliokufa chini ya bendera hiyohiyo hawamo katika safu hizo za mawe. Ndiyo kusema, mpaka wa kumbukumbu haukupita tu kati ya Wajerumani na wapinzani wao. Ulipita pia ndani ya jeshi la Wajerumani lenyewe.

4.2 Mahali pa Kunyongea

Umbali mfupi kutoka makaburini upo mnara mdogo unaoonesha mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga Waafrika waliopinga utawala wao. Maandishi yake ni ya Kiswahili, na yametoka katika kipindi cha baada ya uhuru. Lugha yake ni ya kizalendo na iko wazi: inawataja watendaji, inataja tendo, na inawapa waliouawa heshima ya kuwa wapigania haki. Kwa kufanya hivyo mnara huu unajibu moja kwa moja simulizi la uasi wa Waarabu.

Lakini mnara hauna majina. Una tendo na mahali, hauna orodha. Msomaji anayetoka makaburini na kufika hapa hukutana na tofauti ambayo haihitaji ufafanuzi mrefu: kule kila mtu ana jiwe lake, huku wote wamo katika neno moja. Uzito wa kimaadili uko upande wa mnara, na uzito wa ushahidi uko upande wa makaburi. Mnara umerekebisha hukumu ya historia pasipo kuweza kurekebisha kumbukumbu zake za msingi, kwa kuwa orodha isiyoandikwa mwaka 1889 haiundwi kwa nia njema karne moja baadaye.

4.3 Majengo ya kijeshi

Alama za aina ya tatu ni majengo. Ngome Kongwe ilianza kama nyumba ya Abdalla Suleiman Marhabi karibu mwaka 1860, ikapita mikononi mwa Sultani wa Zanzibar, kisha ikatumiwa na Wajerumani. Mnara wa ulinzi wa Dunda, jengo la duara la mawe ya matumbawe, ulijengwa na Wissmann mwaka 1889 ili kuilinda njia ya kuingilia mjini. Boma la utawala lilijengwa mwaka 1897, baada ya vita kwisha.

Majengo haya yanadhihirisha kanuni rahisi ya vifaa vya ujenzi. Wajerumani walijenga kwa matumbawe na chokaa. Maboma ya Abushiri na Bwana Heri yalikuwa ya miti, mahandaki na vichaka vya miiba, yaliyosimamishwa haraka na kuchomwa moto yalipotekwa. Kwa kipimo cha kijeshi maboma hayo hayakuwa dhaifu: lile la Mlembule lilihitaji mashambulizi zaidi ya moja, Desemba 1889 na Januari 1890. Kwa kipimo cha kudumu, hata hivyo, mti hauwezi kushindana na jiwe. Ndiyo maana mtalii wa leo anaweza kuugusa mnara wa Dunda kwa mkono wake, na hawezi kuoneshwa kwa urahisi mahali liliposimama boma la Abushiri, ingawa mapambano ya Mei 1889 hapo ndiyo yaliyoufungua mji wa Bagamoyo kwa utawala wa Kijerumani.

5.0 Alama Zinazohama na Alama Zisizo na Majina

Bagamoyo si peke yake. Mwaka 1909 sanamu ya Wissmann ilisimamishwa Dar es Salaam, ikimwonesha afisa huyo juu ya nguzo na askari wa Kiafrika chini yake. Baada ya Waingereza kuitwaa nchi, sanamu iliondolewa na kusafirishwa. Mwaka 1922 ikasimamishwa upya mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967; iliporudishwa, waliiangusha tena mwaka 1968, na haikusimamishwa tena. Sanamu moja, basi, ilipata maana tatu katika muda wa miaka 60: ushindi kwa waliokuwa watawala, nyara kwa Waingereza, na aibu kwa kizazi kilichozaliwa Ujerumani baadaye.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta tabaka jingine la alama. Bagamoyo ilitekwa na Waingereza kutoka baharini Agosti 1916. Mwaka 1927 Sanamu ya Askari, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, ilizinduliwa katikati ya Dar es Salaam kwa heshima ya wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika. Ilipewa maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, Kiswahili kikiandikwa kwa hati ya Kiarabu na ya Kilatini. Ilikuwa hatua mbele, kwa maana Mwafrika alikuwa juu ya nguzo, wala hakuwa tena chini ya miguu ya afisa. Lakini sanamu hiyo pia inawaheshimu wote kwa pamoja bila kumtaja hata mmoja. Kinyume chake, makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yaliyohamishwa kutoka Ocean Road mwaka 1968 na kupelekwa kando ya barabara ya kwenda Bagamoyo yana mawe yenye majina.

Tofauti hii ilikubaliwa rasmi Aprili 2021, pale Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipotoa ripoti ya kamati yake maalumu. Ripoti ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitumikia Afrika Mashariki na Misri. Kwa hiyo kinachoonekana Bagamoyo baina ya makaburi na mahali pa kunyongea si ajali ya mji mmoja. Ni utaratibu uliorudiwa na watawala wawili, katika vita viwili.

6.0 Alama Zisizo za Mawe: Utenzi na Majina ya Mahali

Kukosekana kwa jiwe hakumaanishi kukosekana kwa kumbukumbu. Hemed bin Abdallah bin Said al-Buhriy, mshairi wa Mrima aliyeishi katika zama hizo, alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, unaohusishwa na mwaka 1307 wa Hijria, yaani 1889 hadi 1890. J. W. T. Allen aliuhariri na kuuchapisha mwaka 1955. Utenzi unawataja Abushiri na Bwana Heri, na unaitaja miji ya pwani kama mahali pa tukio, wala si kama mandhari tu.

Umuhimu wake kwa mjadala huu una sura mbili. Ya kwanza ni jina. Kwa mshairi, vita havikuwa uasi. Vilikuwa tendo la mgeni, Mdachi, kuitamalaki nchi ya watu. Mtendaji amebadilika, na pamoja naye mwenye kuwajibika. Sura ya pili ni utaratibu wa kuhifadhi. Utenzi wa mizani nane una vina na mpangilio unaomsaidia msomaji kuushika moyoni. Unanakiliwa kwa mkono na kuimbwa mbele ya hadhira. Katika jamii ambayo haikuwa na ofisi ya kuchonga mawe, utanzu huu ulifanya sehemu ya kazi ambayo kwingineko ilifanywa na kibao. Udhaifu wake ni kwamba haukai mahali. Msikilizaji hujua kwamba watu walipigana. Hajui lazima ni kwenye shamba lipi.

Majina ya mahali hufanya kinyume chake. Hukaa mahali, lakini husahau habari. Kariakoo, mtaa na soko mashuhuri la Dar es Salaam, ni jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Huenda ndilo mnara mkubwa kuliko yote wa wapagazi hao, ingawa wanunuzi wengi hawana habari hiyo. Kambi ya Lugalo, iliyo kando ya barabara ya Bagamoyo, ni mfano wa jina lililochaguliwa kwa makusudi. Wakati wa ukoloni kambi hiyo iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya mapigano ya askari wa King's African Rifles nchini Ethiopia mwaka 1941. Baada ya uhuru ilipewa jina la Lugalo, mahali karibu na Iringa ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Zelewski, yuleyule aliyewasha moto Pangani miaka mitatu kabla. Jina jipya liliiondoa heshima kwenye vita vya dola na kuipa vita vya wenyeji, bila gharama ya jiwe hata moja.

7.0 Kikomo cha Sheria

Sheria ya Mambo ya Kale, Na. 10 ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, ndiyo msingi wa ulinzi wa malikale Tanzania Bara. Inavilinda moja kwa moja vitu na majengo yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kwa vilivyofuata mwaka huo, ulinzi hutegemea Waziri mwenye dhamana kutoa tangazo katika Gazeti la Serikali.

Kikomo hicho kina mantiki yake katika kulinda magofu ya kale kama Kaole. Kwa historia ya kijeshi ya Mrima, kinaleta matokeo ya ajabu. Ngome Kongwe, iliyojengwa karibu mwaka 1860, imo ndani ya kikomo kwa sababu ya umri wa kuta zake. Vita vya 1888 hadi 1890 viko nje yake vyote, na ndivyo vilivyo vita vya Wahehe na vya Majimaji. Kama sheria ya namna hii ingetumika Gettysburg, uwanja ule, ambao mapigano yake yalikuwa Julai 1863, usingelindwa kwa umri wake.

Tatizo la pili ni la aina ya kitu kinacholindwa. Sheria huona kwa urahisi ukuta, kaburi na mchoro wa mwambani. Uwanja wa mapambano uliopiganiwa kwa maboma ya miti hauna kitu cha namna hiyo juu ya ardhi. Hivyo upande uliojenga kwa mawe unafaidika mara mbili: jengo lake limedumu, na kwa kudumu linaweza kutangazwa. Mamlaka ya Waziri ya kutangaza eneo lenye umuhimu wa kihistoria yanatosha kulirekebisha hili, mradi eneo hilo lijulikane na lipendekezwe. Hakuna anayeweza kupendekeza uwanja ambao mipaka yake haijachorwa.

Songea inaonesha kwamba jambo hili linawezekana. Makumbusho ya Majimaji, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yamejengwa kuzunguka tendo na mahali: kunyongwa kwa mashujaa 67 tarehe 27 Februari 1906, na kaburi lao la halaiki. Sanamu za viongozi wa Kingoni zimesimama hapo, na kila Februari wazee na vijana hukusanyika kuwakumbuka. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha. Ombi la namna hiyo lilihitaji mahali pa kutolewa, na Songea ilikuwa imekwisha kupahifadhi.

8.0 Bara ya Bagamoyo na Haja ya Kuwahi

Katika bara ya Bagamoyo, kazi ya kwanza ni utambuzi. Majina yaliyoandikwa na maofisa wa Kijerumani yanahitaji kulinganishwa na majina ya leo kwa uangalifu. Jombo ni mfano mzuri. Yombo ni jina lililopo Bagamoyo na lililopo pia Dar es Salaam. Kwa hiyo kufanana kwa jina pekee hakutoshi kuwa ushahidi. Mwelekeo wa safari ya kikosi, umbali uliotajwa kwa saa za mwendo, mito iliyovukwa na masimulizi ya koo za mahali penyewe vinapaswa kusomwa pamoja. Kikoka na vivuko vya Ruvu, ambavyo wasafiri wa karne ya 19 walivitaja katika njia ya misafara, ni vituo vya kuanzia kwa kuwa mahali pake ni rahisi zaidi kuthibitika.

Kata kama Fukayosi zina nafasi ya pekee katika kazi hii. Ziko nyuma ya pwani, katika nchi ambayo majeshi, wakimbizi na wapagazi waliipitia, na wenyeji wake walilazimika kuishi na njaa na hofu za vita hata pale ambapo risasi haikupigwa. Kumbukumbu za namna hiyo huhifadhiwa katika majina ya visima, mibuyu, makaburi ya ukoo na mashamba yaliyohamwa. Hazina kuta. Zinabebwa na watu wanaozijua mahali zilipo, na kila mzee anayefariki huondoka na ramani yake.

Ardhi nayo inabadilika. Tangu barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata ikamilike, mashamba kando yake yamepata thamani ambayo hayakuwa nayo, na upimaji, ujenzi na kilimo cha mananasi huko Kiwangwa na jirani zake vinaendelea. Mti uliokuwa alama hukatwa pasipo nia mbaya, kwa sababu tu hakuna hati inayosema kuwa ni alama.

Hapa ndipo sheria za ardhi zinapoweza kusaidia mahali Sheria ya Mambo ya Kale inapochelewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya mwaka 2007, zinakipa kijiji uwezo wa kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi yake na kutenga maeneo ya pamoja. Halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji vinaweza kulitenga eneo dogo lenye historia kama vinavyotenga eneo la makaburi, kisima au msitu. Hatua hiyo haihitaji kusubiri tangazo la kitaifa, na tangazo likija baadaye litakuta ardhi bado ipo.

Kibao chenyewe, pale kitakapowekwa, kinafaa kufuata masharti machache. Kiandikwe kwa Kiswahili kwanza. Kitaje tarehe, mahali na pande zilizopigana, bila kuviita vita uasi wa Waarabu wala kuvifanya vya mtu mmoja kwa jina la Abushiri. Kiyataje majina ya waliokufa pale yanapothibitika kutokana na tenzi, maandishi au koo, na pale yasipothibitika kiseme wazi kwamba kinawakumbuka watu ambao majina yao hayakuandikwa. Kauli hiyo ya mwisho ina thamani ya kielimu, kwa sababu inamfunza msomaji sababu ya jiwe la jirani kuwa na jina. Aidha kisiwasahau Wasudani, Washangani na wapagazi, ambao hakuna upande uliowahesabu kikamilifu kuwa wafu wake.

9.0 Hitimisho

Alama za vita vya 1888 hadi 1890 Bagamoyo zinasema kweli, lakini hazisemi kweli yote. Makaburi ya Wajerumani yanatunza majina ya wachache. Mnara wa mahali pa kunyongea unatunza heshima ya wengi pasipo majina. Mnara wa Dunda unatunza mbinu ya mshindi. Utenzi wa Hemed al-Buhriy unatunza jina ambalo watu wa Mrima wangeweza kuviita vita vyao. Uwanja wa mapambano wa bara, uliojengwa kwa miti na kuchomwa, haukutunziwa kitu isipokuwa ardhi yenyewe na watu wanaoishi juu yake.

Mgawanyo huo ulisababishwa na tofauti za uwezo mwaka 1889, na umeendelezwa na kikomo cha sheria mwaka 1964. Sababu zote mbili zinajulikana, na ya pili inarekebishika. Utafiti wa baadaye unaweza kuanza na ramani ya majina ya mahali kati ya Ruvu na Kiwangwa, ikilinganishwa na taarifa za safari za majeshi ya mwaka 1889 na masimulizi ya koo za Kikwere, Kidoe na Kizaramo. Kazi hiyo haihitaji gharama kubwa, ila inahitaji kufanywa mapema, wakati vijiji vingali vinaandaa mipango ya ardhi yao na wazee wangali wanaweza kuonesha kwa mkono mahali hapo palipo.